Uliyoiona siyo Dracula père et fils

Juzi nimeambiwa tena kwamba mwigizaji Christopher Lee hajui kuchekesha, na ushahidi ni Dracula père et fils (Dracula baba na mwana), filamu ya Kifaransa ya kuchekesha. Nikauliza: uliitazama kwa lugha gani? Kiingereza. Basi hukuiona!

Mimi kazi yangu ni kutia filamu sauti za lugha nyingine na kuandika manukuu, yaani tafsiri inayosomwa chini ya picha, kwa hiyo jambo hili linanichoma. Filamu ni ya 1976, ya Édouard Molinaro, yule yule aliyetoa kichekesho cha La Cage aux Folles miaka 2 baadaye. Ilipofika Marekani ilikatwakatwa, mazungumzo yakaandikwa upya kwa Kiingereza, ikajazwa mizaha isiyokuwemo.

Kisa ni kifupi: mwinyi mmoja ambaye ni vampaya, mfu anayeishi kwa kunyonya damu za watu, na mwanawe Ferdinand wanafukuzwa Transilvania na Wakomunisti. Baba anaangukia Uingereza na kuwa nyota wa filamu za vampaya. Mwana yuko Paris, na damu haimvutii.

Sasa sikiliza. Lee, Mwingereza anayecheza baba, alikizungumza Kifaransa kile kwa kinywa chake, kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kutiiwa. Bernard Menez, anayecheza Ferdinand, ni wasiwasi mtupu. Kichekesho kiko hapo katikati yao. Baba hafanyi mzaha hata kidogo: ni mzazi anayetaka mtoto arithi kazi ya ukoo, ila kazi yenyewe ni kuuma shingo za watu. Mtilie baba utani mdomoni, na mtoto hana tena wa kumwogopa. Kicheko kimekufa. Na kumbuka, katika Dracula: Prince of Darkness ya 1966, ambamo yeye ndiye Dracula, Lee hatamki neno hata moja. Miaka 10 baadaye Wafaransa wanampa maneno, halafu mtu anakuja kuyafuta!

Kasoro zipo. Wakishafika mjini filamu inalegea, na kuna siku najiuliza kama ninachokipenda ni filamu au ile sauti tu. Hata kuitafsiri kwa Kiswahili kunanisumbua. Nilijaribu kuandika "mumiani" nikafuta, maana mumiani ni mtu hai anayewinda damu ya watu akauze; hana jeneza wala cheo cha kurithisha. Nikabaki na "vampaya". Ila "mwanangu" lilikaa mahali pake mara ya kwanza tu, na Ferdinand akanywea.

Tafuta nakala ya Kifaransa yenye manukuu. Hata kama lugha huijui, msikilize Lee anavyosema na mwanawe.