Mchujo wa urais: yanayosemwa barazani Amu na yalivyo kweli

Hapa Amu, yaani mji wa Lamu, baada ya Magharibi, baraza za Mkunguni mbele ya Ngome, na zile za ndani Mkomani na Langoni, hazikosi mada. Msimu wa uchaguzi ukikaribia mada huwa moja: nani apewe tiketi ya urais. Wabishi wanawajua wagombea hadi majina ya wajomba zao. Kinachowaponyoka ni kanuni: nani hasa hupiga kura ya mchujo wa urais, ule wa chama kumpata mgombea wake, kura ngapi zinatosha, na Lamu inaingia wapi katika hesabu. Kahawa inapoa watu wakigombania jambo ambalo sheria ilishalimaliza.

"Siku ya mchujo tutapanga foleni tumchague wetu"

Kwa udiwani, ubunge au ugavana, huenda. Kwa urais, ni nadra. Sheria ya Vyama vya Siasa, baada ya marekebisho ya Januari 2022, inatambua njia mbili. Ya kwanza ni uteuzi wa moja kwa moja, ambapo wanachama walioko kwenye sajili ya chama hupiga kura wenyewe. Ya pili ni uteuzi usio wa moja kwa moja, unaopitia kwa wajumbe au utaratibu mwingine wa chama. Kwa kiti cha urais, vyama vikubwa vya Kenya vimezoea mkutano mkuu wa wajumbe. Chama cha UDA kilimwidhinisha William Ruto Kasarani, Nairobi, tarehe 15 Machi 2022, na mchujo wake wa viti vingine ukafanyika Aprili 14. Mwanachama aliyefika kituoni Aprili akitaraji karatasi ya urais alikuta shughuli imekwisha mwezi mzima nyuma.

Mchujo wa urais wenye ushindani wa kweli ambao wazee wa baraza hupenda kuutaja ni wa chama cha ODM, Septemba 1, 2007, huko huko Kasarani. Raila Odinga alipata kura 2,656, Musalia Mudavadi 391, na William Ruto 368. Jumlisha: kura 3,415, katika mwaka ambao Kenya ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya milioni 14. Hao ndio waliochagua. Wengine wote tulikuwa watazamaji wenye maoni.

Kwa hiyo swali la maana barazani ni hili: mjumbe wa wadi yetu ni nani, na alichaguliwa lini? Wajumbe hutokana na chaguzi za chama za mashinani, zinazopanda kutoka kituo au wadi hadi eneo bunge, kisha kaunti. Chaguzi hizo mara nyingi hufanyika mwaka mmoja au miwili kabla ya uchaguzi mkuu, wakati hakuna anayezungumza habari za urais. Kaunti ya Lamu ina wadi 10: Faza, Kiunga na Basuba upande wa Mashariki, Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari upande wa Magharibi. Mkutano ukiitishwa kwa notisi ya siku mbili Amu mjini, mtu wa Kiunga au Ndau anayengoja maji yajae ili chombo kitoke atafika orodha imekwisha kuandikwa "kwa makubaliano". Anayetaka sauti aende ofisi ya chama mapema, aombe orodha ya wajumbe wa wadi yake kwa majina, na aulize tarehe ya uchaguzi ujao wa mashinani. Akijibiwa kwamba orodha iko Nairobi, hilo nalo ni jibu.

"Nina kadi ya chama, nani atanizuia?"

Sajili itakuzuia. Katika uteuzi wa moja kwa moja kinachotazamwa ni jina lako kwenye sajili ya wanachama, wala si karatasi iliyo mfukoni. Juni 2021 Wakenya wengi walishtuka kuona wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kuvikaribia. Kukagua ni rahisi: ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, fungua huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa, tazama umeandikwa wapi.

Ukijikuta mahali usipopataka, andika barua ya kujiuzulu kwa chama hicho. Kujiuzulu kunaanza pale barua inapopokelewa, na chama kina siku 7 kumjulisha Msajili. Hapa ndipo wengi hukwama: barua humkabidhi kijana wa ofisi mlangoni, hana muhuri, wala hawabaki na nakala. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wenye tarehe urudi nayo. Usijiandikishe chama kipya kabla ya kutoka cha zamani, maana sheria hairuhusu uanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja. Na usingoje wiki ya mchujo. Sajili huwa imeshafungwa, na msimamizi wa kituo hana uwezo wa kukuongeza hata kama ni shemeji yako.

"Siye Waamu ni wachache, kura yetu haina uzito"

Hii ndiyo dhana inayoturudisha nyuma kuliko zote, na ina nusu ya ukweli, ndiyo maana haifi. Mwaka 2022 Lamu ilikuwa na wapiga kura 81,453 kati ya 22,120,458 wa nchi nzima. Ni chini ya wanne katika kila elfu. Nairobi peke yake ilikuwa na 2,415,310. Ukihesabu vichwa tu, mzozo umekwisha.

Lakini Katiba haihesabu vichwa tu. Kifungu cha 138 kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo anahitaji 24. Katika hesabu hii ya pili Lamu ni kaunti moja na Nairobi ni kaunti moja. Wakipiga kura watu 50,000 Lamu, mgombea akipata 12,500 amepata kaunti moja kati ya zile 24. Kwa kura hizo hizo Nairobi hapati chochote upande wa kaunti.

Kisha tazama ile nusu. Mwaka 2022 Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, asilimia 50.49. Kura zilizomvusha mstari wa nusu zilikuwa kama 69,600. Linganisha na ile 81,453 ya Lamu. Kama kura hizo zingepungua, Wakenya wangerudi vituoni kwa duru ya pili kati ya wawili wa mbele, ndani ya siku 30. Na anayesema ataharibu kura yake makusudi ili "kuwapunguzia asilimia" ajue kwamba Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika hesabu ya asilimia. Hampunguzii mtu, anajitoa mwenyewe.

Hesabu hizi zina kazi hata kabla ya uchaguzi mkuu. Mjumbe kutoka Lamu anaweza kuuliza mkutanoni: kati ya hawa wanaowania tiketi, nani anafika robo katika kaunti 24, na zipi? Anayeweza kuzitaja moja moja amejitayarisha. Anayesema "nchi nzima iko nyuma yangu" hajahesabu.

"Kura ya maoni imeonyesha Lamu inamtaka fulani"

Uliza waliohojiwa Lamu walikuwa wangapi. Chukua utafiti wa watu 2,400 nchi nzima, ambao ukosefu wake, yaani kiasi ambacho matokeo yanaweza kukosea, ni kama asilimia 2 juu au chini. Ukigawanywa kwa uwiano wa wapiga kura, fungu la Lamu ni watu 9. Tisa! Baraza moja la wacheza bao lina watu zaidi. Kwa idadi hiyo ukosefu unazidi asilimia 30, maana yake hakuna kinachoweza kusemwa. Ndiyo sababu watafiti huiweka Lamu ndani ya "Pwani" pamoja na Mombasa, Kilifi, Kwale, Tana River na Taita Taveta, na hapo sauti inayosikika zaidi ni ya Mombasa na Kilifi. Sheria ya kura za maoni inamtaka mchapishaji aeleze aliyegharamia, tarehe, idadi ya waliohojiwa na kiwango cha ukosefu. Picha ya WhatsApp yenye rangi nzuri bila hayo manne iache ipite.

"Wenzetu Marekani kila mtu hupiga kura, mwenye nyingi ndiye mgombea"

Mfano wa Marekani huletwa barazani tangu 2008, Barack Obama alipochuana na Hillary Clinton, na kila mara huletwa kombo. Kule nako kinachohesabiwa mwishoni ni wajumbe. Mwananchi hupiga kura jimboni kwake, na kura hizo hugeuzwa idadi ya wajumbe wa mkutano mkuu wa chama. Mchujo huenda jimbo kwa jimbo kuanzia mwanzoni mwa mwaka hadi Juni. Chama cha Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano, na aliye chini ya asilimia 15 hukosa. Republican huyaruhusu baadhi ya majimbo kumpa wa kwanza wajumbe wote.

Ndipo hutokea vioja. Nevada, Januari 2008, Clinton aliongoza kwa walioshiriki, lakini hesabu ya wajumbe ikatoka Obama 13, Clinton 12, kwa sababu wajumbe hugawanywa kwa maeneo na Obama alikuwa na nguvu kule kwenye maeneo yenye idadi witiri ya wajumbe. Tofauti kubwa na kwetu ni kwamba kule kura ya mwananchi kwa kawaida humfunga mjumbe. Kwetu mjumbe aliyetoka Witu anaweza kubadili nia njiani kabla ya basi kufika Nairobi.

   

"Akinyimwa tiketi atasimama peke yake"

Anaweza, akiwa na haraka. Kifungu cha 85 cha Katiba kinamtaka mgombea huru awe hakuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo mlango unafungwa mapema Mei. Anayeshindwa mchujoni Aprili ana siku chache tu za kuandika barua ile ile iliyotajwa hapo juu.

"Akipewa tiketi, jina liko kwenye karatasi"

Bado. Anahitaji sahihi za wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti 24, jumla 48,000, pamoja na ada ya shilingi 200,000, au 100,000 kwa mwanamke, kijana au mlemavu. Wengi huangushwa na sahihi za watu wasiosajiliwa kama wapiga kura kaunti ile: mtu anaishi Hindi, kura yake iko Garissa. Kukusanya 2,000 Lamu ni sawa na mmoja katika kila wapiga kura 40, kazi nzito kuliko Nairobi, ambako ni mmoja katika 1,200. Si ajabu mgombea akituacha kwa sababu hiyo.

"Muungano lazima ufanye mchujo"

Si lazima. Vyama vikiungana, mgombea hupatikana kwa mkataba wao, na chama cha muungano hutakiwa kuwasilisha mkataba kwa Msajili angalau miezi 4 kabla ya uchaguzi mkuu. Soma mkataba, usingoje sanduku.

"Mchujo ukivurugwa, tume ya uchaguzi, IEBC, itaufuta"

Mlalamikaji huanza ndani ya chama, kwa kamati ya rufaa ya chama chenyewe. Asiporidhika huenda kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa, kisha Mahakama Kuu. Anayeruka hatua ya kwanza hurudishwa, na siku zinakwenda. Mwaka 2017 mchujo wa chama cha Jubilee wa Aprili 21 ulifutwa kwa karatasi pungufu na vurugu, na ni chama chenyewe kilichoamua. Anayetaka kulalamika aondoke kituoni na vitu vitatu: nakala au picha ya matokeo yaliyobandikwa, jina la msimamizi, na saa kituo kilipofunguliwa na kufungwa. Barua ya malalamiko kwa chama iandikwe usiku huo huo, nakala igongwe muhuri, maana chombo cha asubuhi kwenda Mokowe hakimngoji mtu.