Fumbo la hesabu: tafuta kilichotajwa mara mbili

Wanafunzi wengi wanaokuja kwangu tuisheni hapa Temeke wanajua kutatua mlinganyo. Andika 3x + 5 = 20 ubaoni, hujaweka hata chaki chini wameshakujibu x ni 5. Wape habari hiyohiyo kwa maneno, daftari linabaki jeupe. Shida yao haiko kwenye aljebra, iko kabla ya aljebra, pale ambapo vitabu vingi vinapita mbio.

Wengi wamezoezwa kuwinda maneno: ukiona "jumla" au "zaidi" jumlisha, ukiona "imebaki" toa. Njia hiyo siipendi kabisa. Asha ana machungwa 12, amemzidi Juma kwa 5 zaidi. Juma anayo mangapi? Anayewinda "zaidi" anapata 17, wakati Juma ana 7.

Mimi nawaambia watafute kitu kimoja ambacho fumbo limekitaja kwa njia mbili. Alama ya = haina kazi nyingine: cha kushoto na cha kulia ni kiasi kilekile. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad karne ya 9, alitatua milinganyo yake kwa maneno matupu, bila x wala =, alama ambayo mwanahisabati Robert Recorde aliichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1557. Kwa hiyo nawaacha kwanza walisimulie fumbo kwa Kiswahili chao cha mtaani, ingawa mtihani wa sekondari utakuja kwa Kiingereza.

Chukua daladala ya Mbagala–Kariakoo. Tuseme nauli ya mtu mzima ni shilingi 600, ya mwanafunzi 200. Abiria 40 wameshalipa na konda ana 20,800 mkononi. Wanafunzi ni wangapi?

Kilichotajwa mara mbili ni hela ya konda. Mara ya kwanza imetajwa waziwazi, 20,800. Mara ya pili imejificha ndani ya abiria. Basi x iwe idadi ya wanafunzi. Nasisitiza idadi; anayeniandikia "x = wanafunzi" namrudishia daftari, na sababu utaiona hivi punde. Watu wazima watakuwa 40 − x, na hela yote ni:

200x + 600(40 − x) = 20,800

Ukifungua mabano unapata 24,000 − 400x = 20,800. Hapa huwa nawasimamisha, maana mstari huu unasomeka kama konda anavyopiga hesabu kichwani: wote wangekuwa watu wazima ningekuwa na 24,000, kila mwanafunzi kanipunguzia 400, nimepungukiwa 3,200. Wanafunzi ni 8. Kuhakiki, rudi kwenye gari, usirudi kwenye mlinganyo, kwa sababu mlinganyo uliokosewa nao utakubaliana na jibu lake. Wanafunzi 8 wametoa 1,600, watu wazima 32 wametoa 19,200. Jumla 20,800.

Sasa ile sababu. Miaka ya mwanzo ya 1980 mtafiti wa Marekani, John Clement, alichapisha matokeo ya swali dogo walilopewa wanafunzi 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi: chuoni wanafunzi ni mara 6 ya maprofesa, andika mlinganyo. Asilimia 37 walikosa, na kosa lililozoeleka, tukiandika W kwa wanafunzi na M kwa maprofesa, ni 6W = M. Ukiisoma W kama mwanafunzi mwenyewe, hiyo inaonekana sawa kabisa: wanafunzi sita kwa profesa mmoja. Lakini W ni idadi. Weka maprofesa 10 na wanafunzi 60 uone kama 6 × 60 itakuwa 10. Sahihi ni W = 6M.

Wazazi nao huniuliza hesabu za dukani, hasa za VAT. Bidhaa inauzwa 118,000, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani. Kodi ni kiasi gani? Wengi wanachukua asilimia 18 ya 118,000, wanapata 21,240. Kilichotajwa mara mbili hapa ni bei ya rafu: mara moja kama 118,000, mara ya pili kama bei kabla ya kodi ikijumlishwa na asilimia 18 ya bei hiyo. Kwa hiyo x + 0.18x = 118,000, x ni 100,000, na kodi ni 18,000. Mwenye duka aliyetenga 21,240 amejikata 3,240 kwa kila bidhaa aliyouza.