Kwa nini karani aliyekusudia kurudisha pesa za mwajiri bado hushtakiwa kwa wizi?

Tuseme Ijumaa jioni karani wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru anachomoa shilingi 30,000 kwenye droo ya mauzo. Mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na zamu yake ya kupokea pesa za chama ni Jumatatu. Jumamosi mwenye duka anahesabu, anakuta pengo, anaita polisi. Karani anasema kweli tupu: hakuwa na nia ya kuiba, alikopa tu, Jumatatu angezirudisha zote. Je, wajua kwamba maelezo hayo hayamtoi hatiani, bali yanaupa upande wa mashtaka sehemu kubwa ya ushahidi wake?

Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhesabu mwizi kuwa ni mtu anayechukua mali kwa hila na bila kudai haki juu yake. Kwa vitu vingi, hila hiyo huwa ni nia ya kumnyima mwenyewe mali yake daima. Karani akiondoka na ngazi ya duka akapake rangi kwake, na kweli anakusudia kuirudisha, anaweza kupoteza kazi, lakini kumtia hatiani kwa wizi ni vigumu. Pesa zimewekewa masharti yake. Inatosha kuwa na nia ya kuzitumia upendavyo, hata kama unakusudia kuzilipa baadaye.

Tofauti hiyo ina mantiki. Ngazi ikirudi, ni ileile. Noti zilizolipa karo hazirudi, zinakuja nyingine, kama chama kitatoa kwa wakati. Kichelewe, hasara ni ya mwenye duka, ambaye hakuulizwa. Kwa hilo naiunga mkono sheria. Karani huyohuyo angeomba advansi, bosi akakubali na ikaandikwa kitabuni, pasingekuwa na kesi.

Maneno ya kifungu hicho yalisafiri mbali kutufikia. Yamo katika kanuni ya jinai ya Queensland, Australia, ya 1899, iliyoandikwa na jaji Samuel Griffith. Waingereza waliifuata walipotunga kanuni za Kenya na Tanganyika mwaka 1930, na hadi leo Tanzania inayo katika kifungu chake cha 258.

Adhabu nayo hupanda. Wizi wa kawaida nchini Kenya una kifungo kisichozidi miaka 3. Karani au mtumishi aliyemwibia mwajiri wake, chini ya kifungu cha 281, anaweza kufungwa hadi miaka 7, kwa kuwa ameaminiwa funguo.

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi, na waajiri wengi hulisahau: pengo kwenye hesabu si wizi. Huenda chenji ilizidishwa, risiti haikukatwa, au mtu wa zamu nyingine alitumia nywila ya mwenzake. Sheria inaruhusu hati ya mashtaka itaje jumla ya pesa na kipindi zilipopotea, bila kuonyesha kila siku na kiasi chake. Hilo halipunguzi mzigo wa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya maana, kwamba ni mshtakiwa aliyezichukua. Kama droo ilifunguliwa na watu watatu, na hakuna sahihi ya makabidhiano ya zamu, huyo mmoja aliyelazwa seli amechaguliwa kwa kigezo gani? Ripoti ya mkaguzi inayosema tu "kiasi fulani hakipo" haijibu swali hilo. Na aliyechukua pesa akiamini kwa dhati kuwa ni haki yake, kama kamisheni aliyoahidiwa, ana utetezi halali hata akiwa amekosea.

Hata hakimu akimwachilia, karani hawezi kurudi dukani Jumatatu na hukumu mkononi akadai kiti chake. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake na kumsikiliza, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kabla ya kumfuta. Baada ya hapo, sababu ambayo mwajiri aliiamini kwa dhati siku ya kumfuta inaweza kumtosha mwajiri huyo. Akiruka hatua ya kumsikiliza, ni mwajiri atakayejibu, safari hii katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.