Talaka na nyumba bila ardhi: mnagawana nini hasa?

Ndoa ikivunjika hapa Mombasa, ugomvi mkubwa huwa ni nyumba. Na nyumba nyingi za Majengo au Kisauni zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba hana hati miliki. Ana kuta, paa na kitabu cha risiti za kodi ya ardhi. Ushauri unaoanza na "katafute hati miliki" haumfai mtu huyu, na wako wanaoondoka mikono mitupu kwa kudhani kwamba bila hati hawana cha kudai.

Wana cha kudai. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kuwa mali ya ndoa nyumba ambayo mume na mke waliifanya makao yao, iwe ni yao au wameikodi, pamoja na vyombo vilivyomo na mali nyingine waliyoimiliki pamoja wakiwa ndani ya ndoa. Kwa hiyo katika nyumba bila ardhi mnagawana jengo, haki ya kuendelea kukaa pale, na kodi ya wapangaji. Ardhi yenyewe haimo, na ikiwa ni ya wakfu basi msiitie kabisa kwenye hesabu.

Kila mtu apate kiasi gani? Hapa ndipo watu wengi hupotoka. Si nusu kwa nusu moja kwa moja. Kifungu cha 7 kinagawa kwa kufuata mchango wa kila mmoja, na Mahakama ya Juu ilisema wazi Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa ulioandikwa katika Kifungu cha 45(3) cha Katiba haumpi mtu nusu bila kuthibitisha alichochangia. Lakini mchango si fedha tu. Sheria inataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa pamoja na mwenzako kama mke au mume, kusimamia mali au biashara ya familia, na kazi ya shambani. Mama aliyechoma mahamri kila alfajiri na fedha hiyo ikalipa karo na unga, huku mshahara wa mume ukinunua mawe na mabati, ameijenga nyumba ile. Ni haki yake kusimama mahakamani na kusema hivyo bila haya.

Kuhusu jina: mali ikinunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhania kwamba anamshikia na mwenzake. Ikiwa kwa majina mawili, inadhania wako sawa. Dhana zote mbili huweza kupinduliwa kwa ushahidi.

Basi ushahidi. Kwa nyumba bila ardhi, karatasi yenye uzito mkubwa ni kile kitabu cha risiti. Kifungue ukurasa kwa ukurasa: jina la nani limeandikwa, limebadilika lini, na mwezi gani haukulipwa. Hila ninayoiona zaidi ni jina la mume kugeuka ghafla kuwa la kaka yake miezi michache kabla ya talaka. Piga picha kurasa zote mapema. Halafu kusanya hati ya mauziano ya nyumba iliyotiwa saini na mashahidi, risiti za saruji na mbao, taarifa ya mkopo wa Sacco, na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha fundi akilipwa. Picha za skrini na taarifa ulizochapisha kutoka kwenye simu ziambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kama Sheria ya Ushahidi inavyotaka katika kifungu cha 106B. Bila cheti hicho, wakili wa upande wa pili atasimama kuzipinga.

Mwenye hati miliki ana kinga ya zuio: anafanya upekuzi kwenye sajili ya ardhi, kisha anaomba zuio liandikwe ili mali isiuzwe kimyakimya. Nyumba bila ardhi haina sajili yake ya kuandikiwa zuio. Mwandikie barua mwenye ardhi au wakala wake anayekusanya kodi, umjulishe kwamba kuna dai la mali ya ndoa na asiidhinishe mauzo; baki na nakala iliyopigwa muhuri au saini ya kupokelewa. Kisha omba mahakama amri ya muda. Ndoa ikiwa bado ipo, kifungu cha 12 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinakataza mali ya ndoa yenye mke mmoja tu kuuzwa, kutolewa zawadi au kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili, na kinakataza mmoja kumfukuza mwenzake katika nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama.

Wakati nao una kanuni. Mliotengana tu mnaweza kuomba tamko la haki chini ya kifungu cha 17, lakini mgawanyo wenyewe unasubiri talaka.

Sasa kugawa. Tuseme nyumba ina vyumba sita, vinne vimepangishwa kwa shilingi 4,000 kila kimoja. Hiyo ni 16,000 kwa mwezi. Toa kodi ya ardhi, maji na matengenezo kabla ya kugawana, wala msigawane ile 16,000 nzima. Kugawana vyumba, vitatu kwa vitatu, huonekana rahisi, lakini ukumbi ni mmoja, choo kimoja na mita ya umeme moja. Mwaka hauishi mmerudi kwa mzee wa mtaa. Bora mmoja amnunue mwenzake kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa. Mwambieni athamini jengo peke yake, na muulize mapema ada anayotaka mwenye ardhi ili akubali mabadiliko ya jina, kwa kuwa ada hiyo hula sehemu ya bei.

Nyumba ya urithi, hasa zile za Mji wa Kale, ni habari nyingine. Mali aliyorithi mtu kabla ya ndoa haiingii kwenye mali ya ndoa. Mke aliyesaidia kuongeza ghorofa juu yake anapata, kwa kifungu cha 9, haki inayolingana na alichochangia katika ujenzi huo, na lazima akumbuke kwamba ndugu wa mume nao wana mafungu yao humo.

Waislamu wana hiari ya kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Mahakama ya Kadhi husikiliza pale wote wawili ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Katiba inaipa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Mali ya ndoa haikutajwa waziwazi, kwa hiyo amueni mahakama gani kabla ya kulipia faili. Mahari iliyobaki ni deni ambalo mke anamdai mume. Matumizi ya eda (muda wa mke kungoja baada ya talaka) na kiliwazo (kitulizo anachopewa mke aliyeachwa) ni madai ya peke yake, msiyachanganye na nyumba. Na katika khului, yaani talaka anayoiomba mke kwa kujikomboa, kuweni macho sana: mke anarejesha mahari au kile walichokubaliana, lakini karatasi nyingi huongezwa sentensi ya "sitadai chochote tena". Ukiitia saini hiyo, umeiaga nyumba.

Madeni nayo hugawanywa. Mkopo uliochukuliwa ndani ya ndoa kwa manufaa ya familia hubebwa sawasawa. Uliokwenda kwenye mambo ya mtu binafsi ni wake. Kwa kodi ya serikali, kuhamishiana mali kati ya waliotalikiana kama sehemu ya makubaliano ya talaka hakutozwi kodi ya faida ya mtaji. Mkimuuzia mtu wa nje, kiwango ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, isipokuwa mmestahiki msamaha.

Mkishapatana, makubaliano yaandikwe na yawasilishwe mahakamani yawe amri. Yataje nani analipa kodi ya ardhi hadi siku ya malipo, nani anapokea kodi ya wapangaji, malimbikizo ni ya nani, kitabu cha risiti kinakaa kwa nani, na tarehe ambayo anayemnunua mwenzake asipolipa, nyumba inauzwa.