Siti za magari ya spoti: nafasi iko wapi, na mgongo unaumia kwa nini

Kazi yangu ni siti. Nazifungua, nazishona, nabadilisha sponji. Siku hizi wateja wengi ni wenye magari ya spoti: Impreza, Mark X, Altezza, Golf GTI, na mara mojamoja Toyota 86. Swali lao ni lilelile: ipi ina nafasi, na ipi haitamvunja mtu kiuno akitoka Dar kwenda Dodoma? Nalijibu hapa, ili mwingine akiniuliza WhatsApp nimtumie kiungo tu.

Kwanza achana na urefu wa gari. Mark X ina zaidi ya mita 4.7, wakati Golf GTI ya toleo la saba haifiki 4.3. Zikiegeshwa pamoja utasema Mark X ndiyo ya familia. Kwa watu wawili nyuma, sibishi: kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 2.85, na miguu inanyooka vizuri. Sasa mpakie wa tatu katikati. Mark X inasukumwa na matairi ya nyuma, propela shafti, chuma kinachopeleka nguvu ya injini nyuma, inapita chini ya sakafu, na hapo katikati pameinuka kweli. Yule wa katikati anafika Morogoro ametanua miguu kama yuko juu ya punda. Golf nayo ina kituta chake, maana sakafu ya namna hiyo inatumika pia kwenye Golf R inayovuta matairi yote manne. Lakini injini yake imekaa kimkingamo, pua ni fupi, na urefu mkubwa wa gari umeachiwa watu.

Halafu kuna jambo ambalo karatasi ya vipimo hailisemi: umekalishwaje. Anayekaa wima, magoti yamekunjwa, hachukui nafasi kubwa ya sakafu. Aliyekalishwa chini na kuegemezwa nyuma, miguu inakwenda mbele na kuimaliza sakafu yote. Golf inakukalisha wima. Toyota 86 inafanya kinyume chake: injini yake ya boksa ni bapa, bodi ikashushwa, na nyonga ya dereva iko sentimita 40 hivi kutoka ardhini. Kwa kuendesha ni raha tupu. Kwa siti za nyuma, weka begi au mtoto mdogo. Mgongo wa siti hiyo ya nyuma unalala wote kwa pamoja, na watengenezaji walihakikisha matairi manne yanaingia pale. Hapo unajua walimfikiria nani: mtu anayekwenda kiwanjani kushindana, si anayepeleka shangazi harusini.

Impreza nayo inachanganya watu, kwa sababu wanasema "Impreza" kana kwamba ni gari moja. Ile ya 2000 hadi 2007 ni finyu nyuma. Iliyoanza 2007 ilirefushwa karibu sentimita 10 kati ya ekseli, na sentimita 10 kwenye magoti si mchezo. Kama una familia na moyo wako uko Subaru, chukua hiyo ya pili. Altezza ni nzuri kwa anayeendesha. Sina la kuongeza.

Sasa siti yenyewe. Mteja akiniambia siti ni ngumu, mara nyingi tatizo si ugumu. Sponji ya kiwandani ya gari la spoti ni nzito, na inatakiwa iwe hivyo: inabeba mifupa miwili ya makalio na kuusambaza uzito hadi kwenye mapaja. Sponji laini inakufurahisha dakika kumi za kwanza. Baadaye unazama, kiuno kinapinda, na ukifika Gairo unatafuta pa kujinyoosha. Kinachoumiza zaidi kwenye siti za spoti ni mabawa, zile kuta za pembeni za kukushika kwenye kona. Siti za kampuni ya Recaro zinazopatikana kwenye baadhi ya Impreza za STI, zile za kasi zaidi, zina mabawa yaliyosimama hasa. Mwembamba atazisifu, mwenye mapaja mapana zitambana hadi ganzi. Hapo hakuna siti mbaya, kuna mwili usioendana nayo.

Ukikagua gari lililotumika, angalia bawa la kulia la siti ya dereva, upande wa mlango. Ndilo linalokanyagwa kila anaposhuka. Libonyeze kwa kiganja. Likirudi haraka, sponji ni nzima. Likibaki limelala, au ukagusa waya wa fremu, gari hilo limetumika sana, hata kama dashibodi inaonyesha kilomita chache.

Msikubali fundi aongeze tabaka la sponji juu ya ile ya zamani. Sentimita tatu zikiongezwa, kichwa kinasogelea paa kwa karibu kiasi hichohicho, na kwenye gari lenye dirisha la paa hiyo ndiyo nafasi uliyokuwa nayo. Mabawa nayo yanabaki chini, hayakushiki tena. Bora kutoa sponji yote na kuchonga upya eneo lililokufa tu.

Kupima nafasi hakuhitaji futi. Rekebisha siti ya dereva hadi klachi, au breki kama gari ni otomatiki, uikanyage mpaka mwisho bila goti kunyooka kabisa. Kisha shuka, ukae nyuma ya siti hiyohiyo bila kuisogeza. Magoti yakigusa, umeshajua. Mbele, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa siti na nyuma ya goti. Na ukae humo nusu saa, si dakika mbili za kupiga picha.

Kuhusu kava: nyingi ya siti hizi zina mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa mgongo wa siti, na kuna kilebo kidogo pembeni kinachosema hivyo. Gari likigongwa, mfuko huo hutoka kwa kupasua mshono. Kava nene iliyoshonwa kwa uzi mgumu inaweza kuuzuia. Ukija kwangu na siti ya namna hiyo, ubavu huo nauacha wazi, hata ukiniambia haupendezi.