Je, wajua kwa nini shanta hununuliwa mwisho katika safari ndefu ya miguu?

Pacific Crest Trail ni njia ya miguu ya takriban kilomita 4,265 magharibi mwa Marekani, kutoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada, kupitia California, Oregon na Washington. Anayejiandaa kuitembea yote kwa mara ya kwanza huwa anakimbilia kununua shanta, yaani lile begi kubwa la mgongoni. Waliokwisha kuizoea njia hii hufanya kinyume. Hukusanya kwanza hema, vifaa vya kulalia, nguo na vyombo vya kupikia, huvipima kimoja kimoja, na shanta hutafutwa baada ya vyote.

Shanta huchaguliwa kwa vipimo viwili: litabeba lita ngapi na litabeba kilo ngapi. Kabla vitu havijakusanywa, vipimo vyote viwili havijulikani. Anayebahatisha huchukua la lita 70 ili nafasi isije ikapungua. Shanta kama hilo tupu huwa na kilo 2 au zaidi, na nafasi inayobaki haikai wazi. Itaingia suruali ya tatu, itaingia sufuria ya pili, na hatimaye mtu anabeba kilo 20 bila kujua zilikotoka. Aliyenunua dogo mno naye hufunga godoro na hema kwa nje. Uzito husogea mbali na mgongo na kuyavuta mabega nyuma kutwa nzima.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumezoea safari za milimani zenye wapagazi. Anayepanda Kilimanjaro hubeba begi dogo la mchana, na mzigo mwingine hubebwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Kwenye Pacific Crest Trail hakuna mpagazi. Safari huchukua takriban miezi 5, na kila gramu iliyowekwa begini inapandishwa na kuteremshwa kwa miguu ya mwenyewe.

Mizani kwanza

Kifaa cha kwanza kununua ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Pima kila kitu, hata mfuko wa hema na waya wa chaja, uandike kwenye jedwali. Usiamini uzito ulioandikwa dukani, kwani mara nyingi uzito wa hema hutajwa bila vigingi, kamba wala mfuko wake, na vitu hivyo vikijumlishwa vinaweza kufika gramu 150.

Gawa jedwali katika mafungu matatu: vinavyovaliwa mwilini, vinavyokwisha njiani (chakula, maji na gesi), na vilivyobaki. Fungu hilo la mwisho, pamoja na shanta lenyewe, ndilo uzito wa msingi. Ndilo linalolinganishwa, kwa sababu halibadiliki kutoka siku hadi siku. Uzito wa msingi ulio chini ya kilo 9 huhesabiwa kuwa mwepesi, na ulio chini ya kilo 4.5 ni mwepesi kupindukia. Kwa anayeanza, kilo 5 hadi 6 ni lengo zuri: bado analala kwa joto na halazimiki kununua vitambaa vya bei kali kuliko vyote.

Wepesi si lazima utokane na fedha. Mwaka 1955, Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, alitembea peke yake Appalachian Trail, njia ya mashariki mwa Marekani yenye zaidi ya kilomita 3,000. Alibeba mfuko alioushona mwenyewe, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua, na miguuni alivaa viatu vya raba. Hakuwa na hema. Si mfano wa kuigwa kila kipande, lakini unaonyesha kwamba gramu za kwanza hupungua kwa kuacha vitu, hazipungui kwa kununua vingine.

Huenda umesikia kuna watu hukata mpini wa mswaki. Ni kweli wapo, na wanaokoa gramu chache tu. Kubadilisha hema la kilo 2.3 kwa la gramu 800 kunaokoa kilo 1.5 kwa mara moja. Ndiyo maana kazi huanzia kwenye vitu vikubwa: mahali pa kulala, kitandiko na kifuniko. Mswaki usubiri.

Kulala ndiko kwenye kilo

Mfuko wa kulalia wa kawaida una manyoya pande zote, juu na chini. Manyoya ya bata huleta joto kwa sababu yanashika hewa katikati yake. Yakilaliwa hubanwa, hewa inatoka, na joto linaondoka nayo. Kwa hiyo manyoya ya chini ya mgongo ni uzito unaobebwa bure. Ndiyo sababu wengi wa njia hii wameacha mifuko na kutumia mfarishi: kifuniko kisicho na upande wa chini, kilichoshonwa kama kisanduku miguuni na kufungwa kwenye godoro kwa mikanda miwili. Mfarishi wa manyoya mazuri unaotosha baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri huwa na takriban gramu 650, na mfuko wenye joto kama hilo mara nyingi huzidi hapo kwa gramu 200 au zaidi.

Mambo mawili huharibu mpango huu. La kwanza ni upepo wa pembeni: mtu anayegeuka sana usiku huvuta ukingo wa mfarishi na kuingiza baridi. Nunua wenye upana wa kutosha, na ukaze mikanda kabla ya kulala. La pili ni namba ya nyuzi yenyewe. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango cha kimataifa huonyesha namba ya starehe na namba ya kikomo. Mifarishi mingi haipimwi hivyo, na namba yake ni kauli ya mtengenezaji. Anayehisi baridi haraka achukue mfarishi wenye akiba ya nyuzi 5 au 6.

Chini ya mfarishi joto linalindwa na godoro peke yake, hivyo godoro la kubahatisha huvunja hesabu yote. Uwezo wake wa kuzuia baridi ya ardhi huandikwa kwa herufi R na namba. R 2 inafaa usiku wa kiangazi, R 3 hadi 4 inafaa majira ya kuchipua na ya majani kupukutika, na theluji inataka zaidi ya hapo. Godoro la sponji la kukunja lina takriban gramu 400 na R 2. Halitoboki kamwe na unalitandika popote kupumzika mchana. La kujaza upepo linaweza kuwa na gramu 370 na R inayozidi 4, lakini mwiba mmoja wa jangwani unatosha kulimaliza, kwa hiyo beba viraka. Ukitandika magodoro mawili pamoja, namba zao za R hujumlishwa.

Mahema mepesi hayana nguzo zake. Husimamishwa kwa fimbo zile zile za kutembelea, na hivyo gramu 400 za nguzo hazibebwi. Mengi yana ukuta mmoja tu. Pumzi ya mlalaji hugeuka maji kwenye ukuta huo, na mfarishi ukiugusa unalowa, na manyoya yaliyolowa hayana joto. Dawa yake ni mahali pa kulala: epuka bonde na ukingo wa mto ambako hewa baridi yenye unyevu hutulia, acha milango wazi mvua isiponyesha, na mchana uanike mfarishi juani kwa nusu saa.

Nailoni iliyopakwa silikoni ni bei nafuu na imara, ila hulegea ikilowa. Usiku wa mvua itabidi uzikaze kamba tena. Dyneema, kitambaa chepesi cha nyuzi imara sana, hailegei wala hainywi maji, na hema la mtu mmoja linaweza kushuka hadi gramu 550, lakini bei yake mara nyingi ni zaidi ya maradufu. Kwenye vigingi usibane gramu mno. Vijiti vyembamba vya titani vina gramu 6 kila kimoja na huchomoka mchangani. Changanya, vile vipana vyenye umbo la Y vikae kwenye pembe zinazobeba nguvu.

Vilivyobaki

Jiko dogo la gesi, sufuria ya titani ya mililita 750, kijiko na kiberiti cha gesi havizidi gramu 260. Kopo dogo lina gramu 100 za gesi na kwa jumla lina uzito wa takriban gramu 200. Kuchemsha nusu lita hula gramu 7 au 8 pasipo upepo, kwa hiyo kopo hutoa michemsho 12 hivi. Upepo unaweza kuongeza matumizi maradufu. Jiko la spiriti lililotengenezwa kwa kopo la soda ni jepesi zaidi, lakini halina valvu ya kulizima, na California hulipiga marufuku nyakati za hatari ya moto, ambazo ndizo nyakati za safari yenyewe.

Nguo za pamba ziachwe nyumbani, kwani hushika maji na kukauka polepole. Ndani ya begi panatosha koti la manyoya, koti la mvua, sweta jepesi, nguo kavu za kulalia ambazo hazitembelewi hata iweje, soksi jozi mbili za akiba, kofia na glavu. Jumla ni kilo 1.2 hivi. Viatu vyepesi vya kukimbilia huchaguliwa badala ya buti kwa sababu uzito wa mguuni huchosha mara kadhaa kuliko uzito ule ule mgongoni. Vitakwisha kila kilomita 500 hadi 800, na hilo liwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Maji hubebwa kwenye chupa za plastiki za dukani, takriban gramu 40 kwa lita, badala ya chupa nene ya gramu 180. Kichujio cha maji cha nyuzi tundu, yaani nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani kama mirija, kina gramu 85. Kikiganda kwa baridi hupasuka ndani bila kuonekana kwa nje, hivyo usiku hulazwa ndani ya mfarishi. Hakizuii virusi. Kwenye vijito vya milima ya Sierra hilo si tatizo kubwa, lakini ukikitumia kwetu, kwenye mito inayopita vijijini, ongeza dawa ya maji au uchemshe.

Ongeza simu, pawabenki ya mAh 10,000 (takriban gramu 190), tochi ya kichwani, vifaa vichache vya huduma ya kwanza na kijiko cha kuchimbia choo. Pamoja na shanta la gramu 950, uzito wa msingi unasimama kwenye kilo 5.4.

Sasa shanta

Hesabu hufanywa kwa siku nzito kuliko zote, si kwa siku ya kawaida. Kwenye jangwa la kusini mwa California kuna vipande vinavyodai lita 5 za maji, na lita moja ni kilo moja. Kilo 5.4 za msingi, kilo 5 za maji, chakula cha siku 4 kwa gramu 850 kwa siku, na kopo la gesi: jumla kilo 14. Baadaye, kwenye Sierra Nevada, maji yako kila mahali na lita 2 zinatosha, lakini chakula ni cha siku 6, nacho sehemu nyingi, ikiwemo hifadhi ya Yosemite, lazima kiwekwe kwenye mkebe mgumu usiofunguliwa na dubu. Mkebe mkubwa tupu una takriban kilo 1.15. Jumlisha tena: kilo 13.85. Jangwa na mlima wa theluji vinadai karibu uzito ule ule.

Hapo ndipo jibu linapatikana. Shanta lisilo na fremu hubeba vizuri hadi kilo 9 hivi. Zaidi ya hapo linajikunja na mabega yanabeba yote. Kwa kilo 14 inahitajika fremu nyepesi na mkanda wa kiunoni wenye nguvu ya kuuhamishia uzito kwenye nyonga. Aliyenunua shanta la gramu 400 mwanzoni, kwa kupenda wepesi tu, angeligundua kosa hilo jangwani.

Lita nazo hupimwa kwa boksi la kadibodi. Panga ndani yake kila kitu, mfarishi ukiwa umeachiwa kidogo na chakula kikiwa cha siku nyingi kuliko zote. Zidisha urefu, upana na kimo cha vilivyojaa kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. Mkebe wa dubu, wenye kipenyo cha sentimita 22 na kimo cha 32, huingia mzima hata ukiwa mtupu. Kwa orodha hii jibu huangukia lita 45 hivi, na shanta la 50 hadi 55, mifuko ya nje ikihesabiwa, linatosha. Ndani yake weka mfuko mmoja mkubwa wa plastiki nene. Kifuniko cha mvua cha nje huacha maji yapite upande wa mgongo.

Kimo cha mtu peke yake hakitoshi kuchagua saizi ya shanta. Kinachotakiwa ni urefu wa mgongo. Inamisha kichwa upapase mfupa uliochomoza chini ya shingo. Weka mikono juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekeana nyuma, na mwenzako apime kutoka mfupa ule hadi usawa wa vidole hivyo.

Likifika, lijaze mzigo wote pamoja na maji halisi, utembee nalo ndani ya nyumba kwa saa moja kabla ya kukata lebo. Funga mkanda wa kiunoni kwanza, uikumbatie mifupa ya nyonga, kisha mikanda ya mabega, kisha ile midogo ya juu inayovuta mzigo karibu na mgongo, na ya kifuani mwisho. Mkanda wa kiunoni ukikaa sawa huku ya mabega ikielea juu bila kugusa, shanta ni refu mno kwa mgongo huo. Mkanda ukipanda tumboni huku mabega yakivutwa chini, ni fupi. Kwa vyovyote vile lirudishe dukani ubadilishiwe saizi, kwa sababu kukaza mikanda zaidi hakurekebishi urefu wa fremu.