Breki inayojifunga yenyewe huona nini gizani?

Kazi yangu ni usalama wa magari, na siku hizi watu wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani hawaachi kuniuliza: ile breki ya dharura inayojifunga yenyewe inafanya kazi kweli? Inafanya. Ila ina mahali inapoweza na mahali inaposhindwa, na dereva anapaswa kupajua kote kuwili.

Tuanze na hesabu. Gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Dereva aliye makini huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari hadi akanyage breki, kwa hiyo mita 42 zimeshakwisha gari likiwa na mwendo uleule. Kusimama kwenyewe, lami ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima, kunataka mita nyingine 50 hivi. Mashine inaokoa zile mita za mwanzo. Kamera au rada ikiona gari la mbele limesimama, inalia, na dereva asipofanya kitu, inafunga breki.

Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharamiwa na kampuni za bima, ililinganisha ajali za magari yenye breki hiyo na yasiyo nayo. Ajali za kugonga gari la mbele zilipungua kwa nusu. Magari yanayotoa onyo tu, bila kufunga breki, yalipunguza asilimia 27. Ndiyo maana ukiwa yadi usiridhike kuambiwa gari lina "sensa". Uliza kama linafunga breki au linalia tu.

Kinachoniumiza ni watembea kwa miguu. Mwaka 2022 taasisi hiyohiyo ilionyesha kwamba breki zinazotambua watu zilipunguza ajali za kuwagonga kwa asilimia 27. Lakini ajali za gizani, pasipo taa za barabarani, zilipotazamwa peke yake, hapakuwa na tofauti yoyote kati ya gari lenye mfumo na lisilo nao. Hali ilikuwa hiyohiyo kwenye barabara zenye ukomo wa mwendo wa kilomita 80 na zaidi. Huko Marekani, takriban robo tatu ya watembea kwa miguu wanaouawa barabarani hufa kukiwa giza. Nasi tunazijua barabara zetu kuu saa mbili usiku: taa hakuna, watu wanatoka sokoni wakifuata ukingo wa lami, na magari yanakimbia.

Januari 2025 IIHS ilitoa majaribio mengine ya usiku, ikitumia sanamu ya mtu inayovuka barabara. Kati ya magari matatu, mawili yaliigonga sanamu katika zaidi ya asilimia 80 ya majaribio, na mikanda inayoakisi mwanga, ileile ya fulana za mafundi wa barabara, haikuyasaidia kuiona. La tatu, Subaru Forester, liliikwepa karibu kila mara. Kwa hiyo uwezo upo, na watengenezaji wakibanwa watautoa. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2024 inataka kufikia Septemba 2029 magari mapya madogo yatambue watu mchana na usiku.

Sasa njoo gereji. Mifumo mingi hutumia kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. EyeSight, yaani mfumo huo kwenye magari ya Subaru, ina kamera mbili hapo. Kioo kikipasuka na kubadilishwa, kamera lazima isetiwe upya kwa vipimo vya mtengenezaji. Ikipinda digrii moja tu, mtu aliye mita 50 mbele ataonekana karibu mita nzima kando ya mahali alipo. Mita hiyo inatosha kumtoa njiani na kumweka pembeni, na breki isijifunge. Stika ya bima ikibandikwa mbele ya lenzi nayo inaziba, sawa na vumbi.

Kabla hujalipia kioo kipya, muulize fundi kama ana kifaa cha kuiseti kamera. Asipokuwa nacho, tafuta mwingine. Na wanaokagua magari yanayoingia bandarini, wanaotazama breki, taa na tairi, naomba waiongeze kamera hiyo kwenye orodha yao.